Uzi Ulioamshwa Baada ya Miaka Kumi na Moja

Soko la Pasar Genteng mjini Surabaya, Indonesia, Jumatatu asubuhi, si mahali pa kusimama ukawaza. Redio ishirini zinaimba nyimbo ishirini, feni zinapulizia watu vumbi usoni, na kila muuzaji anaita kana kwamba nyumba yake inaungua. Katika zogo hilo Laras aliona mkono wa mwanamume ukichukua mkanda wa mpira aliokuwa ameulenga yeye, tena wa mwisho kwenye boksi.

"Samahani, Mas, kaka yangu. Huo wangu."

"Umeandikwa jina?"

"Haujaandikwa. Lakini wewe hata hujui unakwenda kuuvalisha nini."

"Redio-kaseti ya bibi yangu."

"Ya mlango mmoja au miwili?"

Mwanamume akamkodolea macho. "Kumbe redio zina milango?"

Laras akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa amevaa kilemba cha kichwani cha rangi ya mdalasini na aproni yenye mifuko saba, na bisibisi nyekundu ilichomoza sikioni kama kalamu ya karani. Huyu mwenzake alikuwa mrefu, shati la batiki limepigwa pasi likanyooka, lakini viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa unga, na alinukia kamba wa baharini na kitunguu saumu.

"Unapika?"

"Natengeneza kerupuk, chipsi za kamba, kule Sidoarjo, mimi na mama yangu. Naitwa Wiratmoko. Moko tu inatosha."

"Basi, Mas Moko, mkanda huu ukiuvalisha kwa kubahatisha, kaseti ya bibi italia kama mbuzi. Niletee mashine kesho. Kibanda cha nne, kwa Koh Liong. Mimi ndiye fundi."

Kesho yake Moko alikuja na mashine na mfuko wa kerupuk. Keshokutwa yake alikuja na kerupuk bila mashine. Siku ya tatu alikuja mikono mitupu, akasema alikuwa anapita tu, na Koh Liong, mzee mwenye kibanda, akauliza kwa sauti, "Kutoka Sidoarjo mpaka hapa mtu anapita akielekea wapi?"

Baada ya hapo ikawa simu. Moko alipiga kila mchana, wakati kerupuk zake zinakauka juani na Laras anakula.

"Kitendawili!"

"Tega, mwenye kamba."

"Mto wangu mweusi unakwenda na kurudi, haujamlowesha mtu."

"Utepe wa kaseti. Hicho kimenisubiri mezani."

"Haya, nakupa na kingine. Ana bisibisi sikioni na amefungua kifua changu bila kukigusa."

"Hicho sikijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Malang."

"Malang kuna baridi, mpenzi. Nitalala na nani?"

"Lala na kerupuk zako!" Laras akakata simu, kisha akakaa dakika nzima anatabasamu na kijiko hewani.

Jambo moja Moko alitaka kulijua ni ile kazi ya pili ya Laras. Alikuwa, kwa jina lake mwenyewe, msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la mafundi wa redio, lililoitwa Pojok Solder, lenye watu elfu arobaini visiwa vyote. Wote waliitana "bosi". Ukimsaidia mtu, unazawadiwa glasi ya cendol, kinywaji kitamu cha barafu, ya kuchorwa tu, inakaa chini ya jina lako. Ukikosa adabu unapigwa tofali, nalo linakaa hapohapo kila mtu alione. Na kosa la kwanza la kupigiwa tofali lilikuwa kuamsha uzi uliolala. Mtu akiandika chochote kwenye mazungumzo ya zamani, uzi mzima unapanda mpaka juu kabisa, unasukuma chini maswali ya watu wa leo. Sheria aliiandika Laras mwenyewe: *Uzi uliolala mwaka mmoja usiamshwe, isipokuwa na mwenye jibu.*

Moko alijiunga akajiita Kamba_Mkavu. Sheria aliisoma. Alichokuwa hajakitia akilini ni kule kupanda juu. Yeye alidhani uzi wa zamani ni kama barua kabatini. Unaongeza mstari wako, unafunga mlango.

Jumatatu moja, akitafuta habari za mikanda inayoteleza, alikuta swali la miaka kumi na moja nyuma. Msichana aliyejiita Bunga_Wonokromo aliandika: "Nimeupaka mkanda mafuta ya kupikia ili uzunguke vizuri. Mbona sasa kaseti haitembei kabisa?" Chini yake kurasa tano za kicheko. *Tia na pilipili, bosi. Ukimaliza kaanga tempe ya soya humohumo. Salamu kwa dada yetu, Mbak Tempe!* Jibu halikuwepo hata moja. Na picha ilikuwa ya redio nyekundu, mkono wake wa kubebea umefungwa kwa waya wa kijani. Redio ileile ilikuwa juu ya rafu ya Laras, kibanda cha nne.

Moko alisikia uchungu, kama msichana yule angali pale anangoja. Akaandika kwa furaha: "Laras mpenzi wangu, jibu ni hili, ulivyonifundisha mwenyewe. Mpira na mafuta haviivani, unateleza. Futa magurudumu kwa pamba na spiriti, vua mkanda wa zamani, valisha mpya. Leo wewe ni fundi wa mafundi. Nakupenda."

Kufika mchana uzi ulikuwa juu kabisa, na watu elfu arobaini wamejua msimamizi wao, mwenye kugawa matofali, ndiye Mbak Tempe.

Tena ilikuwa wiki ambayo Laras hakutaka kuchekwa. Jumamosi ile wanajukwaa walikuwa wakutane uso kwa uso pale sokoni, kama kila mwaka, na kwa mara ya kwanza mwanamke ndiye angesimama kufundisha. Miaka kumi na moja ya kuchomwa vidole na moto wa kulehemu ilikuwa inaelekea siku hiyo. Sasa mafundi wakaanza kuandika: *Jumamosi tuje na vikaango? Mimi sifundishwi na mpishi.*

Simu ilipolia, Laras hakungoja kitendawili.

"Umenivua nguo sokoni, Mas Moko!"

"Mimi? Nimekujibu tu, roho yangu..."

"Nani alikutuma unijibu? Na jina langu ukaliweka! Nilibadilisha jina nikaanza upya, nikawa mtu. Umenirudisha kwenye kikaango."

"Sikujua uzi unapanda. Naapa. Ngoja nitengeneze."

"Usitengeneze kitu!"

Lakini simu ilikuwa imekatika. Moko, masikini, akaenda kuomba radhi kulekule. "Jamani msimcheke, kosa ni langu." Uzi ukapanda. Akaona kicheko kimezidi, akaandika tena. "Nawasihi kwa heshima." Ukapanda tena. Siku mbili aliomba radhi mara sita, na mara sita alimnyanyua Laras juu ya jukwaa kama bendera. Ikabidi Laras, kwa mkono wake, ampige tofali mtu aliyempenda. Halafu akampigia simu, sauti imekauka.

"Kila neno lako linanipandisha. Hujaona?"

"Sasa nimeona. Nifanye nini, Laras?"

"Nyamaza. Huko jukwaani na huku kwenye simu."

Akanyamaza. Mchana ukapita bila simu, na wa pili. Laras alikula wali wake akiitazama simu, akajikasirikia kwa kuitazama.

Ijumaa Koh Liong, ambaye naye alikuwa msimamizi, akavuta kiti.

"Ufute, mwanangu. Kidole kimoja tu. Nani atakuuliza?"

"Sheria yangu inasema mwenye jibu anaruhusiwa. Yeye alikuja na jibu."

"Sheria yako, jukwaa lako, aibu yako. Futa."

Laras akafungua uzi, kidole tayari. Akateremka mpaka ukurasa wa mwisho, akipita vicheko, na pale chini akakuta maneno mapya ya mama mmoja wa Banjarmasin, mwuza supu. "Juzi niliupaka mafuta mkanda wa cherehani yangu. Nilitaka kuiuza kama vyuma chakavu. Nimefuta kwa spiriti, imeshona. Asante dada uliyeuliza. Mimi niliogopa kuuliza."

Aliyasoma mara tatu. Kisha akaanza kazi. Kila aliyeandika tangu Jumatatu ili kucheka tu alimpiga tofali, mmoja mmoja, thelathini na wanne, wakubwa kwa wadogo. Kwa mwuza supu akatoa glasi ya cendol. Uzi akauacha wazi.

"Umewakasirisha mafundi wote, na kesho ndiyo kesho," alisema Koh Liong.

"Kesho nitasimama palepale."

Jumamosi alisimama. Alivaa kebaya ya kijani, blauzi ya sherehe ya mama yake, chini ya aproni yenye mifuko saba. Mafundi themanini walikuwa wamebanana kati ya vibanda, na kabla hajafungua mdomo mmoja akaita, "Mbak Tempe! Mafuta umeleta?"

Kicheko kikalipuka. Laras akangoja kiishe.

"Ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikauliza. Mlicheka kurasa tano, na mnaocheka leo majina yenu ninayo. Nani kati yenu alinijibu?"

Mtu akakohoa.

"Aliyejibu ni mmoja, tena si fundi. Anatengeneza kerupuk. Amejificha nyuma ya ile nguzo, na shati lake linaonekana."

Vichwa themanini vikageuka. Moko akatoka, masikio mekundu.

"Njoo ushike taa, Mas. Leo tunaanza na mkanda unaoteleza."

Akashika taa saa mbili nzima bila neno, huku Laras akifungua mashine, akifuta, akivalisha, na wale waliocheka wakisogea karibu wakiuliza, kwanza mmoja, kisha kwa kugombania zamu. Mtu wa kwanza kuomba arudie alikuwa yuleyule wa mafuta.

Watu walipotawanyika, Moko akatoa bahasha mfukoni.

"Nimekuandikia. Kwa kalamu, ili isipande juu ya mtu yeyote. Usome ukipenda, hata mwakani. Sitauliza."

Laras akaifungua palepale. Barua ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliomba radhi, mara moja tu. Wa pili uliuliza kama angekubali kuolewa naye.

"Una mambo wewe!" alisema, macho yamelowa. "Mimi nimengoja jibu miaka kumi na moja. Najua ladha yake. Wewe sitakungojesha hata mpaka wafunge soko. Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Jumapili umlete mama yako nyumbani kwetu. Na sasa unaruhusiwa kusema."

Moko akacheka. "Kitendawili!"