Mashine Yenye Matabisi Mengi

Kila siku baada ya shule Joëlle Musonda alifanya mambo yaleyale. Alivua sare yake, akaikunja, akawasha makaa kwenye jiko la mbabula nje ya mlango, akabandika maji na kusonga bukari, yaani ugali, wa mtu mmoja. Kusonga bukari wa mtu mmoja ni kazi ya kuudhi, jamani. Unga ukizidi kidogo unabaki, ukipungua hushibi, na hakuna wa kukuambia kama umepatia au umeharibu. Joëlle alikula na matembele huku akisikiliza watoto wa jirani wakigombania mboga. Aliwaonea wivu, hata kwa ule ugomvi wao.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Aliishi Katuba, mjini Lubumbashi, kwa tantine Léonie, mdogo wake mama. Wazazi wake na wadogo zake walihamia Pweto, ambako baba yake, Papa Adalbert, alifanya biashara ya samaki wakavu. Joëlle aliachwa mjini kwa ajili ya shule. Tantine alikuwa muuguzi. Usiku alikuwa hospitalini, mchana alilala. Walipendana sana, ila mmoja alipoingia, mwingine alikuwa anatoka. Siku nyingine walisalimiana mlangoni tu, basi.

Mwezi wa Desemba ukafika na mvua zake. Barabara ya Pweto ikawa matope matupu, na Papa akasema kwenye simu kwamba Noeli hiyo hawataweza kuja. Joëlle alijibu kwamba haidhuru. Kisha akakata simu, akaenda kulia nyuma ya nyumba, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Sista Constance wa parokia alitoa tangazo. Kati ya Noeli na Bonana, yaani mwaka mpya, kutakuwa na kozi ya kompyuta kwa watoto wa shule. Kozi haina malipo, lakini kila mtoto aje na mashine yake. Usidhani ni kompyuta zilizomvutia Joëlle! Alichokiona kichwani mwake ni mabenchi yaliyojaa watoto, kelele, vicheko, na yeye amekaa katikati yao. Bila mashine, likizo nzima angebaki na mbabula yake.

Siku hiyohiyo alimpigia baba yake.

"Papa, mwaka huu sitaki nguo ya Bonana. Unitafutie tu ordinateur, kompyuta ya kozi."

"Ordinateur? Weye?" Papa Adalbert alicheka. Kila mtoto wa Lubumbashi huota nguo mpya za mwaka mpya, na huyu wa kwake anazikataa! "Haya, mama. Samaki iliuzika muzuri. Nitatuma pesa. Lakini muende na tantine yako kuichagua, unasikia?"

"Ndiyo, papa."

"Ndiyo, papa" ni neno jepesi sana kulitamka. Pesa ilipofika, tantine alikuwa akishika zamu ya mwenzake mgonjwa. Alirudi asubuhi, akajitupa kitandani na viatu vyake miguuni. Joëlle alimvua viatu polepole, akamfunika kitenge, akasimama pale akimtazama. Mjini madukani vibao vya SOLDES ZA NOELI, bei zilizopunguzwa, vilikuwa vimetundikwa kila mahali, na bei hizo zingeisha kabla ya sikukuu. Angemwamsha? Hapana, alimhurumia. Na tena, tuseme kweli, alijiamini. Mama yake alimfundisha kupatana bei tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Akafunga mlango taratibu na kwenda mjini peke yake.

Katika duka la kijana mmoja aitwaye Guelor, mashine moja iliwekwa mbele kabisa, ikiwaka, wachezaji wa muziki wakirukaruka kwenye kioo. Ilikuwa kompyuta mpakato ya rangi ya kijivu, ndogo, iliyokwisha kutumiwa na wengine huko Ulaya. Waya wake uliingia kwenye prise ya ukutani.

"Hii iko muzima, kaka?" Joëlle aliuliza.

"Muzima kabisa! Si unaiona inacheza? Hii ni mtumba, occasion ya kwanza, toka Ulaya, na leo ni soldes."

Guelor akataja bei. Joëlle akashtuka kwa sauti, kama inavyotakiwa. Akataja yake. Guelor naye akashika kichwa. Joëlle akageuka kuondoka, akafika barabarani, akaitwa. Akarudi, akapunguziwa, akanuna kidogo, akapunguziwa tena. Watu waliopita walisimama kumwangalia, na mama mmoja muuza mikate akasema, "Huyu mutoto anajua!" Joëlle alisikia raha. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu yeyote amsifu.

Bei ilipokubaliwa, yakabaki matabisi. Wewe unajua mambo ya Lubumbashi: hata ukinunua nyanya, muuzaji lazima akuongezee kidogo juu yake, ndipo mnaachana kwa amani.

"Na matabisi yangu?" Joëlle alidai.

"Chukua kifuko cha kubebea."

"Kifuko tu? Na souris je?" Joëlle akaonyesha kipanya cha kompyuta.

"Haya, chukua na souris."

"Na ile casque ya masikio?"

"Mama yee! Weye utanifungisha duka!" Guelor alisema, lakini akaitoa casque haraka haraka na kuifungasha yeye mwenyewe. Joëlle alitoka dukani akitembea kwa madaha. Hakujiuliza ni muuzaji gani huyo anayetoa matabisi matatu bila kununa.

Nyumbani alikuta tantine amekwisha kwenda kazini. Aliiweka mashine mezani, akaichomeka, ikawaka. Alitamani kumwonyesha mtu. Akampigia Papa, lakini Pweto hakukuwa na mtandao. Akabaki ameikodolea macho peke yake, akivaa casque na kuivua. Ghafla umeme wa mtaa mzima ukakatika, na mashine ikazima papo hapo, kioo cheusi.

"Labda haina moto ndani," alijifariji.

Umeme uliporudi kesho yake, aliiacha kwenye waya tangu asubuhi hadi jioni. Mashine yenyewe ikaandika kwamba imejaa. Joëlle akachomoa waya, ikazima. Akachomeka, ikawaka. Akachomoa, ikazima. Betri ilikuwa imekufa. Pale Katuba, ambako umeme hukatika wakati wowote upendao, mashine ya namna hiyo ni kama sahani tupu tu.

Alirudi dukani mbio. Guelor hakumtazama hata usoni.

"Kitu ya soldes hairudi tena, mutoto. Uliiangalia weye mwenyewe, ukachukua na matabisi."

"Basi unipe batri ingine."

"Batri ya hii haipatikane hapa." Kisha akainama na kupunguza sauti. "Uuzishe mwingine. Umwite wakati courant ya umeme iko. Mi nilifanya namna gani kwako?"

Joëlle alirudi nyumbani na mvua ikimnyeshea, kifuko amekikumbatia kifuani. Jioni tantine alipokuwa akivaa ili aende kazini, alikiona kifuko, akamwuliza huku akitafuta ufunguo wake, "Ile ordinateur, iko bien? Ni nani alikusindikiza?"

"Iko bien, tantine. Nilienda na rafiki."

Rafiki gani? Hakuwa naye. Tangu saa hiyo Joëlle alianza kumkwepa tantine. Alipomsikia anaamka, alitoka nje kufagia ua ambao ulikuwa umekwisha fagiliwa. Zamani alikuwa peke yake kwa sababu ya zamu za hospitali. Sasa alikuwa peke yake kwa sababu ya uwongo wake, na huo ulikuwa upweke mbaya zaidi.

Noeli ilipita hivyo. Siku moja kabla ya kozi kuanza, Joëlle alikutana na Chola mbele ya kanisa. Chola alikuwa msichana mpya darasani, aliyeletwa kutoka Kipushi kuishi na babu yake. Alikaa benchi la nyuma na kusema kidogo sana.

"Unajua mahali banauzisha ordinateur?" Chola aliuliza kwa haya. "Babu alinipa pesa. Nilizunguka maduka yote, bei inanishinda."

Joëlle akakumbuka maneno ya Guelor. "Mi niko na moja," alisema. "Nitakuuzishia. Ukuje mchana, courant ikiwa iko."

Chola alikuja. Umeme ulikuwapo, na mashine ilikuwa ikiwaka mezani, waya umefichwa nyuma ya kitambaa cha meza. Tantine alilala chumba cha pili. Chola aliketi, akagusa vitufe kimoja kimoja, akaandika jina lake, akacheka kuliona kwenye kioo. Joëlle hakuwahi kumwona akicheka.

"Unajua," Chola alisema, "kule Kipushi nilikuwa na barafiki mingi. Huku hakuna hata mumoja. Babu analala sana, nakulaka miye peke yangu. Sasa nikiingia kozi, nitapata batu ya kuongea nabo."

Joëlle akanyoosha kitambaa cha meza juu ya waya.

Chola akatoa bahasha ya babu yake, akaishika kwa mikono miwili, kisha akatabasamu. "Na matabisi utanipa nini?"

Mkono wa Joëlle ulikwenda wenyewe kwenye souris. Ilibaki kuisukuma tu mbele ya Chola, apokee bahasha, mambo yaishe. Kichwani alimwona Guelor akiitoa casque haraka haraka. Akaurudisha mkono wake.

"Uache matabisi," alisema. "Uangalie hapa kwanza."

Akainua kitambaa, akashika waya na kuuchomoa. Jina la Chola likapotea, kioo kikawa cheusi.

"Batri yake ilikufa," Joëlle alisema. "Nami balinilaghai vile vile."

Chola alikitazama kioo, kisha akamtazama yeye. "Na ulikuwa unataka kuniuzishia hii?"

"Ndiyo."

Chola alirudisha bahasha mfukoni, akainuka, akaondoka bila kuaga. Joëlle alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa amesema kweli, na bado amebaki peke yake! Akalaza kichwa mezani na kulia kwa sauti.

"Joëlle?" Tantine Léonie alisimama mlangoni, nywele zimemvurugika kwa usingizi. "Nimesikia yote. Sasa unieleze toka mwanzo."

Joëlle alieleza toka mwanzo: duka, matabisi, betri, hata rafiki ambaye hakuwepo. Tantine alimkemea, na kumkemea sawasawa.

"Papa yako alikuambia nini? Na ju ya nini haukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka, tantine."

"Nilichoka, nakubali. Lakini ningechoka na kukuacha ulie peke yako siku zote hizi?" Akaketi, akamvuta Joëlle ubavuni. "Nami niko na kosa yangu. Naingia, natoka, sikuulize hata umekula nini. Nawa uso. Tunaenda kwa Sista."

Parokiani Sista Constance aliwasikiliza, akaichukua mashine, akaichomeka ukutani na kuijaribu. Akashangaa.

"Nayo ina shida gani? Hapa tuko na groupe, jenereta yetu ya umeme, courant ikienda tunaiwasha. Kila meza ina prise. Kwa kozi mashine hii inatosha kabisa. Ungekuja kuuliza mapema, mwanangu, usingelia bure."

Joëlle alifurahi, lakini furaha ikaishia nusu njia. "Sista, banafunzi babili banaweza kukaa kwa mashine moja?"

"Wakielewana, ndiyo."

Joëlle hakusubiri. Alimshika tantine mkono, wakaenda mpaka kwa babu yake Chola. Chola mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na hakutabasamu.

"Nimekuja kuomba pardon," Joëlle alisema. "Kule parokiani courant haikosekane. Ukitaka, tukae babili kwa mashine yangu. Bila pesa. Pesa ya babu ubaki nayo, tantine atakusindikiza siku ingine kutafuta mashine ya kweli."

Chola alichezea kitasa cha mlango. "Nilikasirika njia nzima," alisema. "Halafu nikafikiri. Madukani kote balinionyesha mashine, na hakuna hata mumoja aligusa waya. Weye peke yako ndiye ulichomoa." Akarudi ndani akipaza sauti: "Babu! Kesho naenda kozi!"

Tantine Léonie alimgeukia Joëlle pale mlangoni.

"Unisikilize muzuri, mama. Kitu unakiangalia kwanza, na mutu mukubwa pembeni yako. Matabisi inakuja kisha. Hiyo ni fundisho ya soko. Lakini iko ingine kubwa kuliko hiyo. Ungemuuzishia Chola mashine ile, leo ungekuwa na pesa mukononi, na jioni ungesonga tena bukari ya mutu mumoja. Ulisema kweli, ikakuuma, na uangalie sasa: umepata mutu."

Joëlle alitaka kujibu, lakini Chola alikuwa amekwisha rudi na viatu mkononi, akiuliza kama anaweza kuja kula nao leo hii hii, asingoje kesho.