Jengo la Tatu

Twalibu alishuka kwenye basi stendi ya Ikwiriri, mfuko wa shati ukining'inia, umechanwa na kitasa cha mlango. Shati lenyewe jipya, la drafti! Wauza ufuta wakaangua kicheko. Warda, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka hatua chache kutoka pale, alinyoosha mkono.

"Lete nikushonee, kaka. Utaingiaje mjini hivyo?"

"Nivue hapa mbele za watu?"

"Kwani una nini cha kuficha? Ingia nyuma ya pazia, unirushie."

Akamrushia. Warda alikuwa kajitanda ushungi wa zambarau, kichwa kakiinamisha, na mguu unakanyaga cherehani kwa raha zake. Sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Dada, wewe mwenyeji? Natafuta majengo yaliyokuwa makanisa ya Wapresbiteri. Nasikia yalikuwa matatu."

Mguu ukasimama.

"Wewe Mkristo?"

"Hata. Mie Mwislamu, mtoto wa kijiji cha Mkongo, naitwa Twalibu. Ofisi ya kanisa huko Dar imeniajiri niandike historia ya majengo yao. Mawili nimeshaambiwa yalipo. Moja sasa ghala la ufuta, jingine gesti. La tatu hakuna anayelijua."

Warda alilijua. Alizaliwa humo. Na tangu akiwa mdogo mama yake, Bi Sihaba, alimwonya asimwambie mtu: nyumba ile si yao, ni amana. Waumini walipokwisha kuhama, mzee wa kanisa alimwachia Bi Sihaba, jirani yao, ufunguo akae humo. Akamwambia, "Tutunzie, mama, tutarudi." Hawakurudi. Lakini kila gari geni likisimama nje, Bi Sihaba alishika kifua.

"La tatu lilikwenda na maji," Warda akasema. "Mafuriko ya Elnino."

Uongo mkavu, na kijana akauandika daftarini.

Ungedhani mambo yataishia hapo. Wapi! Twalibu alirudi kesho yake na suruali isiyo na tundu lolote, ati aipunguze. Keshokutwa akaja na fulana. Mwezi haujaisha, simu ya Warda ilikuwa haipoi.

"Umekula, mahabuba?"

"Nimekula. Wewe na makanisa yako?"

"Leo nimepima ghala lote. Nimekohoa vumbi la ufuta mpaka nimekukumbuka."

"Ndo nini sasa, mie vumbi?"

Warda alicheka, kisha akikata simu aliogopa. Alimpenda, tena vibaya sana. Kila alivyozidi kumpenda, ule uongo ulizidi kumkaa kooni. Akimwambia ukweli, mama atalala wapi? Akikaa kimya, siku Twalibu akijua atamwonaje?

Ikaja Idd. Warda akapakwa hina, akavaa dera la kijani, akapiga picha sebuleni na kumtumia. Simu ikaita papo hapo.

"Warda. Hilo dirisha nyuma yako."

"Limefanyaje?"

"Limepinda juu, lina matofali matatu yamechomoza. Picha ya zamani niliyopewa ofisini ina dirisha hilo hilo. Hiyo nyumba ya nani?"

Akazima simu. Siku tatu hakuiwasha, na cherehani ikakaa imefunikwa. Kichwani lilimzunguka jambo moja: huyu hakunipenda, alikuwa analitafuta jengo.

Siku ya nne Twalibu akaulizia nyumba kwao, akabisha hodi mwenyewe, macho mekundu.

"Umenifanya niandike uongo, Warda. Mimi niliyekuamini kuliko daftari langu!"

"Na wewe ulinifuata mimi au kuta?"

"Ningefuata kuta ningekuletea suruali nzima uikate?"

Bi Sihaba akatokea chumbani, khanga kifuani, ufunguo mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu aliogopa kwa ajili yangu," akamwambia kijana. "Andika ukweli. Waambie amana yao ipo, na mimi nipo."

"Mama, watatutoa!" Warda akalia.

"Watutoe. Nimechoka kushtuka kila nikisikia breki."

Twalibu akaandika, akaondoka. Wiki mbili hakupiga simu. Warda akajua ndiyo basi tena, kapoteza nyumba na mtu.

Asubuhi ya Jumapili akarudi, kanzu imepigwa pasi, nyuma yake Mzee Dadi, baba yake mdogo. Mzee Dadi alibeba bahasha mbili. Moja ilitoka ofisi ya kanisa, haijafunguliwa. Nyingine ilikuwa barua ya posa.

"Hukunipigia," Warda alinong'ona mlangoni.

"Ningesemaje kabla hawajanijibu? Wamenipa jibu limefungwa, nami sijalifungua."

Mzee Dadi akauliza ianze ipi. Bi Sihaba akaipokea ya kanisa, akaikalia.

"Ya posa. Tukianza na ya kanisa, wakitutoa watu watasema binti kakimbilia mume kutafuta pa kulala. Wakituachia watasema nimemuoza kwa ajili ya nyumba."

"Lakini posa haijibiwi siku hiyo hiyo," akasema Mzee Dadi.

"Hii itajibiwa. Warda?"

Warda hakujua kesho yake atalala wapi. Akamtazama Twalibu, mfuko wa kanzu yake umeshonwa kwa uzi usiofanana. Amejishonea mwenyewe, masikini, vibaya kweli.

"Nimekubali, mama."

Bi Sihaba akanyanyuka, akampa Twalibu ile bahasha asome. Kanisa lilimshukuru Bi Sihaba kwa uaminifu wake. Lilitaka nyumba yake irudishwe, baada ya mavuno.

Warda akamgeukia mama yake, akingoja ashike kifua. Bi Sihaba aliuweka ufunguo mezani, akavuta mkeka, akajilaza.

"Wapikie wageni," alisema. "Mie nalala kidogo."

Nje gari likafunga breki kwa kishindo. Bi Sihaba hakufumbua hata jicho.