Huyu Mama Yuko Wapi?

"Ukurasa mzima umeukata, Frida? Mzima?"

"Nimeupigia mstari tu. Kuukata ni kazi yako."

"Na hapa pembeni umeandika nini? 'Huyu mama yuko wapi?' Si huyo hapo, analia!"

"Namwona analia. Simsikii akisema."

Nikodemu aliutupa mswada kwenye mkeka. Walikuwa barazani kwa kina Frida, Ujiji, chai imepoa hawajaigusa. Yeye alikuwa mtunzi wa simulizi za mtandaoni, ana wafuasi kuanzia Mwanga pale mjini mpaka Kasulu, na safari hii alitaka kitabu chenye jalada. Frida alikuwa mhariri. Wachapishaji wa Dar walimtumia miswada, akaifanyia kazi hapo hapo nyumbani. Na alikuwa mchumba wake. Posa ilishapokelewa, harusi inanukia.

"Nisikilize, Niko," Frida alisema. "Pale mume anaposhuka kwenye boti kutoka Kongo na watoto wake wanamkimbia kwa kuwa hawamjui, sijagusa hata nukta. Pananitoa machozi kila nikisoma. Lakini mke? Ameachwa miaka, mume anarudi, anamchemshia maji ya kuoga. Kimya. Unaniambia amesamehe. Siamini."

"Wasomaji wangu wanaamini. Wanalia!"

"Wanamlilia mume. Mke hawamjui."

Ilimchoma, maana ile ilikuwa hadithi ya mama yake mzazi. Akajibu kabla hajafikiri:

"Unajua tatizo lako? Kuandika huwezi, ndiyo maana kazi yako kuchanachana vya wenzako."

Frida aliifunika kalamu yake. Aliposema, sauti yake ilikuwa chini.

"Baba yako mdogo ameniambia tunahamia Mwanza baada ya harusi. Kumbe nyumba umeshatafuta. Mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Ningekuambia. Nilijua utafurahi."

"Ulijua." Akaokota mswada, akamwekea mapajani. "Chukua. Kamuoe huyo wa kwenye kitabu chako. Huyo hana neno."

Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Jioni Nikodemu alituma ujumbe: "Fri, umekasirika bure. Mwanza kuna maisha."

Jibu lilichelewa.

"Huenda Mwanza ningekubali. Hukuniuliza. Na mama yako naye, naamini hujawahi kumuuliza."

Aliusoma, akaizima simu kwa hasira, akaiwasha, akausoma tena. Alitafuta kichwani siku aliyokaa na mama yake akamuuliza juu ya jambo lile. Hakuipata.

Jumamosi akapanda gari la Ilagala, kwa mama yake.

Mama Skolastika alikuwa mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, anageuza dagaa wake juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hujapiga simu? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukuuliza kitu. Baba aliporudi kutoka Kongo... ulimsamehe vipi bila kusema neno?"

Mama aliacha kugeuza dagaa.

"Nani kakuambia sikusema?"

"Mimi nakumbuka tulivyokuwa kimya nyumbani."

"Wewe nilikupeleka kwa bibi yako, ulivyorudi maneno yalikuwa yameisha! Baba yako nilimwambia hapa hapa, mbele ya wavuvi wote: ndani kwangu huingii. Akalala banda la nyavu masika yote. Kila asubuhi anakuja kunijulia hali, na mimi namuuliza swali moja: ulipokuwa unakula huko, ulidhani sisi tunakula nini?"

"Akajibu nini?"

"Kwanza alijitetea. Mara ziwa lilichafuka, mara vita. Namwambia rudi bandani. Mpaka siku aliyosema, 'Sikuwafikiria, mama Niko. Nilikuwa sitaki kuwafikiria.' Hakuongeza kitu. Ndiyo siku nikamfungulia."

"Kwa hiyo ulimsamehe."

"Sijui. Nilimpenda na nilikuwa na hasira naye, vyote tukaishi navyo nyumba moja. Hasira ikazeeka, ikafa kabla yake."

Nikodemu macho yalimwiva.

"Mbona hukuwahi kuniambia, mama?"

"Uliniuliza? Ulikuja na simu yako, ukanipiga picha nimekaa jikoni, ukaenda kuandika."

Alirudi mjini akaandika upya. Chumba chake cha kupanga Rusimbi kilijaa karatasi. Msamaha ule wa ukurasa mmoja ukawa masika nzima, na mwanamke akawa na kinywa. Alipomaliza akampigia Frida.

"Naomba unisomee. Kama mhariri."

"Mhariri ana foleni."

"Nitapanga foleni."

Wiki ilipita bila neno. Kisha simu ikaita.

"Niko." Alikuwa anavuta kamasi. "Hilo swali la chakula... nimeshindwa kuendelea, nimetoka nje kwanza. Sasa namjua huyu mama. Akiingia hapa nitampisha kiti."

"Kwa hiyo pamepita?"

"Aya ya mwisho bado. Umemweleza msomaji kitu ambacho ameshakiona mwenyewe. Mwamini."

Nikodemu alicheka, akaifuta aya yote. Kisha akavaa viatu, akaenda Ujiji.

Alimkuta barazani.

"Nilisema huwezi kuandika. Uongo, na niliutaka ukuume. Nisamehe. Na Mwanza nilipanga peke yangu kama vile naoa begi. Wewe unataka tuishi wapi?"

"Hapa. Mama mguu unamsumbua, siwezi kumwacha sasa."

"Basi hapa."

"Usikubali haraka hivyo! Wewe Mwanza unafuata nini?"

"Kuna studio inataka simulizi zangu za sauti."

"Hilo nalo hukuniambia." Akasogea, akampisha kwenye mkeka. "Kaa. Hebu tulipange."

Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Walikubaliana mwaka wa kwanza Ujiji, na Nikodemu awe anasafiri kwenda kurekodi.

Harusi ilifungwa Rusimbi baada ya mavuno, na kitabu kilitoka kabla ya Krismasi. Ukumbini Mama Skolastika alipewa maiki, akamtazama bibi harusi.

"Mkwe wangu, huyu mtoto nilimzaa, nikamlea, nikamsomesha. Lakini siku aliyokuja kukaa chini akaniuliza habari zangu, nilijua amepata mke."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Frida alikwenda akampigia magoti, na mama akamwinua, wakakumbatiana, shela imewafunika wote wawili.