Jasusi Aliyeshindwa Kubebesha Bangi

Simu ilitetemeka saa moja asubuhi.

"Maua yamefika?" sauti iliuliza.

"Yamefika, ila yamenyauka," alijibu Sjoukje Wierda.

Neno la kwanza lilikuwa la siri. La pili lilikuwa ukweli mtupu.

Kwenye dirisha la jiko lake, mjini Leeuwarden, mche wa nane wa bangi ulikuwa umeinamisha kichwa. Siku nne zilizopita alikuwa amelikata shina lake kwa wembe, akachomeka tawi la mche mwingine, akafunga utepe na kufunika kwa mfuko wa plastiki. Kubebesha, wakulima wanavyoita. Alifuata kila alichoelekezwa.

Tawi lilikuwa limekufa.

"Minane, Alwin! Nimeua minane!"

"Sauti chini, Wierda. Delvaux anakungoja leo saa tisa."

Alwin Brandsma, mkuu wake, alikata simu.

Sjoukje alikuwa na miaka kumi na sita katika idara ya ujasusi. Aliweza kuifungua bastola ya Walther P99 na kuiunga tena akiwa amefumba macho. Tawi moja la kijani lilikuwa linamtoa machozi.

Siku tisa nyuma, matawi kumi na mawili yaliibwa kwenye kituo cha utafiti. Yalikatwa kwenye mmea mmoja tu, Namba Saba, bangi iliyokuwa ikituliza kifafa cha watoto ambao dawa nyingine zote zilishindwa. Wezi waliuchoma mmea wenyewe. Matawi hayo hayakuwa na tabia ya kuota mizizi. Yasipobebeshwa upesi kwenye mashina mengine, yangekufa. Yakibebeshwa bandani kwa Casimir Delvaux, mkulima wa maua aliyeshukiwa kuyaficha, yangevuka mpaka hadi kwa tajiri aliyetaka kuimiliki dawa hiyo peke yake.

Polisi walilipekua banda la Delvaux mara mbili. Hawakuona kitu.

Sasa Delvaux alikuwa anatafuta fundi wa kubebesha. Sjoukje alikuwa ametumwa kuwa fundi huyo.

Mlango uligongwa. Akaingia Tjitske, jirani yake, mjane aliyebebesha mawaridi miaka arobaini. Aliitazama mizoga dirishani.

"Mwanangu, hii ni mimea au ni maadui zako?"

"Nionyeshe tena, mama. Mara ya mwisho."

Tjitske alikata mara moja. Tawi likatoka na ncha kama kabari. Akalitumbukiza kwenye shina, likakaa.

Sjoukje akajaribu. Wembe uliteleza, ukala kidole.

"Unakata kama unamenya viazi," alisema Tjitske, akimpa kitambaa. "Kwani ni lazima?"

"Ni lazima."

"Basi pole."

Saa tisa kamili, Sjoukje aliegesha baiskeli nje ya banda la vioo, kando ya barabara ya Franeker. Kifungo cha koti lake kilikuwa kamera. Kifaa cha wenye masikio mazito, alichokivaa sikioni, kilikuwa redio.

"Bila kuyaona matawi, hatuingii," Brandsma alimnong'oneza sikioni.

Gerlof, mlinzi wa Delvaux, alimpapasa kutoka mabegani hadi viatuni. Hakuona silaha. Haikuwepo.

Delvaux alisimama kati ya meza za maua, mzee mwembamba mwenye tai ya hariri. Mikono yake ilitetemeka bila kukoma. Zamani alikuwa fundi mkubwa. Maradhi yalimnyang'anya kisu.

"Bibie, nionyeshe," alisema, akisukuma mbele yake mashina matatu na matawi matatu ya bangi ya kawaida.

La kwanza lilichomoka.

La pili lilivunjika.

La tatu, Sjoukje alilikata shina lenyewe vipande viwili.

Delvaux aliviokota vipande vyote viwili.

"Nani kamleta huyu?" Delvaux alimfokea Gerlof. Mkono wa Gerlof ukaingia ndani ya koti.

"Ondoka hapo, Wierda," redio ikasema.

Hakuondoka. Siku tisa za hasira zilimpanda kooni, na hakuwa na mpango wowote zilipotoka.

"Kisu chako butu!" alipiga kelele, akakitupa mezani. "Matawi yako makavu kama kuni! Wewe unajiita fundi? Hata mchawi hawezi kuyabebesha haya!"

Uso wa Delvaux ukawa mwekundu kama nyanya.

"Makavu? Yangu mimi? Hujawahi kuona tawi wewe!"

Alivisogeza vyungu vya maua ya mrujuani, akainua ubao wa meza. Chini yake kulikuwa na sanduku la barafu. Akafunua kitambaa chenye maji.

Matawi kumi na mawili. Mabichi. Kila moja na kibandiko cha kituo cha utafiti.

"Angalia, mjinga wewe! Hili ndilo tawi!"

"Nimeyaona," alisema Sjoukje taratibu.

Gerlof alielewa kwanza. Bastola ilitoka. Trei ya udongo wa maji aliyoirusha Sjoukje ilimpata usoni kabla hajalenga. Goti likafuata tumboni, kisha kiganja mkononi. Bastola ikateleza chini ya meza. Vioo vikapasuka, polisi wakajaa bandani.

Delvaux alitazama pingu kwenye mikono yake inayotetemeka.

"Wewe si fundi," alisema.

"Nimekuonyesha mara tatu."

Brandsma aliingia akikanyaga vioo, nyuma yake mtaalamu wa kituo, daktari Ymkje Hylkema, aliyebeba mashina yenye mizizi.

"Ulipanga vile?" Brandsma aliuliza.

"Hapana. Nilikasirika tu."

"Ripoti itasema ulipanga."

"Andika unavyotaka."

Daktari Hylkema alikuwa ameshapiga magoti kwenye sanduku. Alikibusu kitambaa chenye maji, kisha akakata tawi la kwanza, mikono ikienda mbio.

"Yako hai yote!" alisema. "Dada, nishikie hili nifunge utepe."

Sjoukje alifunga vifungo vya koti lake.

"Ukitaka liendelee kuwa hai, daktari, mpe mtu mwingine."

Akatoka, akapanda baiskeli, akaenda zake.