Mashine ya Sukari na Cheti cha Ukutani

Naitwa Emérence. Mimi na mume wangu Mumbere tuna maabara ndogo hapa Nateete, nyuma ya steji ya teksi. Mumbere hupima damu. Mimi hupokea wagonjwa, huandika majina yao na kuwapa majibu. Tulitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na watoto na masanduku mawili tu, kwa hiyo maabara hii tunaipenda. Mumbere anaipenda kupita kiasi.

Anachokipenda zaidi ni mashine ya kupimia sukari katika damu. Asubuhi huipangusa vumbi. Jioni huifunika kwa kitambaa nilichokifuma mimi kwa ajili ya meza ya sebuleni, wala hakuniomba. Juu yake ametundika cheti cha mashine, ndani ya fremu ya kioo, kando ya picha ya harusi yetu. Cheti kinasema mashine ilikaguliwa na inapima sawasawa. Mgonjwa akiwa na wasiwasi, Mumbere humwonyesha cheti kwa kidole.

"Baba Dady," nilimwambia siku moja, nikimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "hicho cheti kina miaka mitatu. Mashine haihitaji kuangaliwa tena?"

"Mama Dady, weye ulibatizwaka mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na cheti yako ya batisimo iliisha?"

"Hapana."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikarudi kuandika majina. Mpaka leo najilaumu kwa kuliacha lile swali.

Jumatatu moja alikuja Santa, mke wa polisi aitwaye Ongom. Santa ana kisukari na hujidunga insulini kila siku. Mashine ilionyesha sukari yake ni kumi na saba, juu sana.

"Kumi na saba natoka wapi?" Santa alishangaa. "Mimi nakula vizuri. Dawa nachoma kila siku."

Mumbere akanyoosha kidole kwenye cheti. Santa akachukua karatasi ya majibu, akaipeleka kliniki yake. Huko wakamwongezea insulini.

Alhamisi Ongom aliingia kwetu akiwa na sare ya polisi. Nyuma yake alikuja dada yake, Ayaa, amebeba mfuko wa kutunza baridi.

"Musawo," Ongom alimwambia Mumbere, kama wanavyomwita daktari hapa, "bibi yangu alianguka akifua nguo. Alitoka jasho, akatetemeka, akazimia. Hospitali ya Mulago wamesema sukari ilishuka mpaka mbili. Alichoma dawa mingi sababu ya karatasi yenu."

"Yuko hai?" niliuliza.

"Iko hai. Lakini karibu mimi nazika yeye."

Nikamtazama Mumbere. Alikuwa ameshaanza kunyoosha kidole ukutani! Hasira ilinipanda.

"Baba Dady, shusha hicho kidole!"

Ayaa alisogea akasoma cheti. Kazi yake ni kukagua vifaa vya maabara.

"Hii karatasi nasema mashine ilikuwa mzuri siku ile moja," alisema. "Haisemi kitu ya leo."

Akatoa kichupa kwenye mfuko. "Hii ni sampuli ya kujaribia. Sukari yake inajulikana. Soma hapa: kati ya tano na sita. Sasa pima."

Mumbere akapima. Mashine ikaandika kumi na moja. Akapima tena. Kumi na moja. Akaketi kwenye kiti.

"Mashine ilikuwa hapa tangu mwanzo?" Ayaa aliuliza.

"Hapana," nikajibu. "Tulihama kutoka Ndeeba mwaka jana. Aliileta kwa bodaboda."

"Niliipakata kama mutoto!" Mumbere alilalamika.

"Ssebo," Ayaa alisema, maana hapa bwana huitwa ssebo na mama huitwa nyabo, "mashimo ya barabara haijui mtoto. Mashine ikihama, ikianguka au ikitengenezwa, lazima ikaguliwe kabla ya kupima mtu."

Ukaguzi huo, wa kulinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana kuwa sahihi, huitwa ugezi. Hapa mjini wengi husema kalibresheni.

"Basi ugezi ni kila miezi ngapi?" Mumbere aliuliza. "Sema tarehe moja, niandike."

"Banange! Kila mtu naniuliza tarehe moja. Hakuna tarehe moja ya vifaa vyote. Kwanza, kitabu cha kiwanda kinasema nini?"

Mumbere alinitazama mimi. Kitabu kilikuwa chini ya mguu wa friji, kwa sababu friji ilikuwa ikiyumba. Aliyekiweka pale ni yeye. Nilichoka kabisa.

Tuliinua friji, tukakipangusa kitabu. Kilisema ugezi ni kila miezi sita.

"Nyinyi napima watu wangapi?" Ayaa aliuliza.

"Arobaini kwa siku."

"Mingi. Basi miezi sita msipitishe. Kama kila mara inakutwa na kosa, punguza, iwe mitatu. Kifaa kingine kina tarehe yake: mizani, kipimajoto cha friji, kila kimoja. Na sampuli ya kujaribia ni kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Andika jibu kwa daftari. Ikitoka nje ya namba, unasimamisha kazi."

"Na watu waliopimwa tangu tuhame?" niliuliza.

"Hao muwaite," alisema Ayaa.

Tuliwapigia simu kwa wiki kadhaa, mmoja mmoja, tukianza na wenye kisukari, ili wakapimwe mahali pengine na kliniki zao ziangalie dawa upya. Wengine walitutukana. Walikuwa na haki. Fundi naye akaja, akairekebisha mashine na kuifanyia ugezi.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, watu saba walikuwa kwenye benchi. Mmoja wao alikuwa Santa. Mumbere akapima sampuli ya kujaribia. Saba. Akarudia. Saba.

"Imepita kidogo tu," nilinong'ona. Niliona aibu kumrudisha Santa. Ndiyo, hata mimi!

Mumbere aliizima mashine. Alitoka nje akasimama mbele ya benchi.

"Leo hatupime sukari. Mashine haiko sawa. Muende maabara ingine, munisamehe."

Watu walinung'unika. Mmoja akasonya. Santa akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Fundi alikuja, akakuta taa ya ndani ya mashine imechakaa. Akaibadilisha, akafanya ugezi mwingine. Asubuhi iliyofuata sampuli ilisoma tano na nusu. Nilipofungua mlango, Santa alikuwa ameshakaa kwenye benchi, peke yake.

"Mama, si kuna maabara karibu na kwenu?" nilimuuliza. "Mbona umerudi kwetu?"

"Nyabo, ile siku mulipima mimi, karibu nakufa. Ile siku mulikataa kupima mimi, hapo ndiyo naamini nyinyi."

Akakunja mkono wa gauni, akamnyooshea Mumbere mkono.

"Haya, toa damu."