Kanda ya Kelele Aliyoniachia Elieza

Nina umri wa miaka sitini na mitano. Naishi Nyanga, pembeni ya mji wa Bukoba, katika chumba cha kupanga, mimi na cherehani yangu. Watu wanapita dirishani, wananisalimia, wananiachia suruali za kupunguza. Hawajui kwamba niliwahi kuwa na nyumba ya bati na kibanja chenye migomba na mibuni huko Kaagya. Sikuuza. Sikuporwa na majambazi. Nilijinyang'anya mwenyewe... kwa kubonyeza vitufe viwili vya redio!

Najua kuna mtakaosema huyu mama anatunga. Semeni tu. Mimi mwenyewe siamini watu upesi, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilizaliwa Kishanda, Muleba. Vita ya Uganda ilinikuta msichana. Mtu akibisha hodi, baba alituzuia kwanza, tukabana pumzi, tukasikiliza. Anasema lugha gani? Yuko peke yake? Anadanganya? Vita ikaisha, watu wakarudi kupalilia mashamba yao. Mimi ile tabia ya kusikiliza nyuma ya mlango ilinibakia.

Miaka michache baadaye Elieza alinioa kanisani, kwetu sisi Walutheri. Alikuwa fundi redio, mpole, mwenye vidole virefu vilivyonuka risasi ya kuchomelea. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa karakana yake. Mara mbili kwa mwezi alishuka Muleba, akavuka kwenda visiwani kuwatengenezea wavuvi redio zao. Alikaa huko siku nne, tano... wakati mwingine wiki nzima.

Tulijaliwa mabinti wawili, Asimwe na Koku. Wa kiume hatukupata. Mhaya anayesoma hapa ameshanielewa. Asiye wa kwetu ajue kwamba kibanja ni cha ukoo. Mwanamume asiye na mtoto wa kiume akifa kimya, ndugu yake ndiye anayechukua kibanja na nyumba. Lakini akitamka wosia kwamba mke wangu na binti zangu wasiguswe, na mashahidi wapo, ukoo unautii. Maisha yangu yote yalining'inia kwenye kinywa cha mume wangu!

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda. Baadaye tukauita Silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu; ndio UKIMWI wa leo. Tulizika leo, tukazika kesho. Kuna vibanja ambavyo makaburi yalikaribia kuwa mengi kuliko migomba. Kila mtu alimchungulia mwenzake shingo, akimpima kama amepungua. Na kila mdomo ulisema ugonjwa unatoka visiwani, kwenye wavuvi wageni na wanawake wanaowafuata.

Visiwani! Mume wangu alikuwa anakwenda wapi?

Akaanza kukohoa.

Sasa nije kwenye kanda. Pale misheni palikuwa na kijana wa Kizungu, fundi magari, mwenye nywele ndefu kama za mwanamke. Elieza alimtengenezea redio kaseti yake, wakawa marafiki. Kijana alipomaliza muda wake na kurudi kwao, alimwachia Elieza zawadi ya kanda moja.

Jamani, kanda ile! Zilikuwa kelele za magitaa ya umeme, mtu ungedhani mabati yanakokotwa juu ya mawe. Ngoma zilipigwa kwa hasira. Mwanamume alinguruma kama anayekabwa koo, halafu maelfu ya watu wakamjibu kwa kupiga mayowe. Asimwe alilia. Jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Elieza alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba bendi ile ilikuwa ziarani, ikihama mji hadi mji, na kanda ilirekodiwa palepale jukwaani, watu wakiwa mbele yao. Yule kijana alikuwamo. Baada ya wimbo wa mwisho unasikika mluzi mrefu, na kijana aliapa kwamba mluzi ule ni wake.

"Na huyu anayeimba siku hiyo alikuwa na homa kali," Elieza aliniambia. "Akapanda hivyo hivyo. Angalia, homa imekwisha, sauti imebaki."

Nilimjibu kwamba kwa sauti ile, heri angebaki kitandani. Sikujua mwenzangu anawaza nini.

Kutoka hapo akabadilika. Mchana, baada ya chakula, alijifungia karakana na kuzipiga kelele zile kwa nguvu. Nyumba ikatetemeka. Ghafla kelele zinakatika... kimya. Nami nimesimama nyuma ya mlango, ndoo mkononi, masikio yamenisimama kama ya sungura. Nikasikia sauti yake. Anaongea! Polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtu. Halafu kikohozi. Halafu kelele tena.

Alikuwa anaongea na nani? Ndani hakuna mtu!

Nikapata jibu upesi, maana mwenye wivu hakosi jibu. Siku zile waliokuwa mbali walitumiana barua za kanda. Unarekodi sauti yako, unampa msafiri, mwenzako anakusikiliza huko aliko. Basi nikajua kuna mwanamke kisiwani. Mume wangu anamrekodia maneno matamu, na kelele za Wazungu ni za kunizibia masikio mimi mjinga wa nyumbani. Huyo ndiye aliyempa kikohozi. Huyo ndiye atakayeniua!

Nilimuuliza? Hapana. Nilipekua mifuko yake, nikanusa mashati yake. Nilihesabu siku zake za safari. Sikupata kitu, na kukosa kitu kukanizidishia uhakika. Mtu msafi kiasi hicho si lazima anaficha?

Siku moja aliniita. Alikuwa amekonda, shati linampwaya. Akanishika mkono.

"Ma Asimwe, ile kanda ya kelele itunze. Usimpe mtu. Hata Zakaria usimpe."

Zakaria alikuwa mdogo wake, aliyezoea kuingia kwetu na kubeba kanda za rumba bila kuomba. Ile ya kelele tu hakuwahi kuigusa.

"Ina nini?" nilimuuliza.

Akaniangalia sana. "Siku yake itafika, utaambiwa."

Nilikereka! Niambiwe na nani? Na huyo hawara, siku ya mazishi, akija na mtoto mgongoni?

Wiki iliyofuata alizidiwa, akalazwa hospitali Bukoba. Mama yake ndiye aliyebaki naye. Mimi nilikwenda na kurudi, nikipeleka chakula. Jumamosi moja nikiwa nyumbani, wakaja wenzangu wa kwaya ya akina mama. Walitaka kurekodi nyimbo zetu ili zipelekwe usharika mwingine, na walijua kwa fundi redio kaseti haikosekani. Tatizo lilikuwa kanda. Madukani hazikuwapo, siku hizo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta.

Nikaingia karakana. Nikaiona ile kanda rafuni, imefungwa kwenye kitambaa safi. Kitambaa safi! Damu ikanichemka.

Nilipoigeuza, nikaona vile vidude viwili vya plastiki vya nyuma vimevunjwa. Fundi huvivunja kanda isiweze kurekodiwa tena. Kwa hiyo ni kweli alikuwa amerekodi kitu, na kitu hicho hakutaka kifutike. Ningekuwa na akili, ningekaa chini nikaisikiliza hadi mwisho. Niliogopa. Niliogopa kumsikia akimwita mwanamke mwingine mpenzi.

Nilijua dawa yake. Elieza mwenyewe alinifundisha zamani, tulipokuwa tunacheka pamoja, kwamba ukikunja karatasi ukaziba pengo lile, redio inadanganyika na kurekodi. Nikachana ukurasa wa daftari. Nikakunja. Nikaziba.

"Tumieni hii," niliwaambia wenzangu. "Ina mambo ya shetani, bora tuyafute kwa jina la Bwana."

Wakasema haleluya. Nikabonyeza vitufe viwili kwa kidole changu. Tukaimba upande mmoja, tukageuza, tukaimba wa pili. Siku ile niliimba kuliko wote! Walipotaka kuichukua, niliwaambia nitawapa kesho, kwanza nataka mgonjwa wangu aisikie. Nilitaka aifungulie hospitali, atafute maneno yake, akutane na sauti yangu mimi.

Hakuisikia. Elieza alifariki alfajiri ya Jumapili.

Baada ya mazishi, siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa uani kwetu. Zakaria alikuwa ameshaanza kutembea kwenye mibuni akiitazama kama mtu anayetazama vyake. Ndipo akasimama Ta Yoeli, mzee wa kanisa, rafiki wa marehemu.

"Waitu, wazee wangu," alisema. "Marehemu ametamka wosia. Ameutamka kwa kinywa chake kwenye kanda, mtu asije akasema mjane kamlisha maneno. Mimi kaniambia ulipo tu, yaliyomo hakuniambia. Ma Asimwe, lete ile kanda ya kelele za Wazungu."

Ndipo nikajua kule karakana alikuwa anarekodi nini!

Nilitamani kusema imepotea. Lakini mabinti zangu walikuwa wameshakimbia ndani kuileta. Ikawekwa kwenye redio, katikati ya wazee. Zikatoka nyimbo za kwaya. Sauti yangu juu ya zote, nikimshukuru Mungu kwa wema wake! Wazee wakatazamana. Ta Yoeli akageuza upande. Kwaya tena. Wimbo wa mwisho ukaisha, ukasikika mlio wa "ta!" wa kitufe...

Akaongea Elieza.

"...na hayo yote nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu. Yoeli ni shahidi kwamba kanda hii ni yangu. Ma Asimwe, nisamehe kwa kelele hizi."

Kikohozi. Kisha wale maelfu ya watu wakapiga mayowe, na mwishoni kabisa ule mluzi mrefu wa kijana wa Kizungu.

Basi. Hayo ndiyo yaliyobaki.

"Hayo yote ni yapi?" Zakaria aliuliza.

Ta Yoeli alinitazama, machozi yanamtoka. Mmoja wa wenzangu wa kwaya aliyekuwa amekaa na wanawake akasema kwa sauti, "Lakini Ma Asimwe ndiye aliyetupatia kanda, alisema ni ya shetani!" Wazee wakaguna. Wapo waliosema nimefuta makusudi kwa sababu wosia haukunipendelea. Niliyezoea kuwashuku watu, siku hiyo nilishukiwa na ukoo mzima.

Kibanja akapewa Zakaria. Mimi mwenyewe alinitaka niwe mke wake kwa desturi, nikakataa. Kabla kahawa haijavunwa nilikuwa nimerudi Kishanda na mabinti wawili na godoro. Kanda niliichukua, hakuna aliyeigombea.

Nilikaa nikisubiri kufa. Nilijipima shingo kila asubuhi. Mwaka ukapita, ikapita kumi! Siku Asimwe aliponipeleka kupima, kila mtu akiwa sasa anapima, nikaambiwa sina virusi. Nikapima mara ya pili. Sina! Nikauliza, basi mume wangu alikufa na nini? Daktari akanijibu kwamba kifua kikuu hakihitaji msaidizi kuua.

Nililia kuliko nilivyolia msibani.

Je, Elieza alikuwa mwaminifu? Alituachia kibanja? Au, na hapa moyo wangu mbaya unanong'ona hata leo, huenda alitaja mtoto wa kisiwani? Sijui. Sitajua kamwe. Aliyekuwa na jibu alilisema taratibu, mchana kweupe, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Ningebisha hodi tu!

Dada zangu, na ninyi wanaume mnaochungulia simu za wake zenu, msifanye nilivyofanya. Ukishuku, uliza. Ukipata kitu cha mwenzako na ukaamua kukipekua, basi kisikilize hadi mwisho, hata kama kinauma, ndipo uhukumu. Nanyi mnaoficha mambo mema, yasemeni mkiwa hai. Mnatuachia mafumbo, sisi wengine vichwa vyetu havina subira.

Kanda bado ninayo, na karatasi yangu ya daftari imo kwenye pengo lake. Koku, aliyekuwa mdogo sana, huniomba nimfungulie amsikie baba yake. Namfungulia. Anasikia maneno machache na kikohozi. Mluzi wa yule Mzungu upo mzima, hata pumzi yake haikukatika. Wa kwetu nilimfuta mimi, tena nikiimba.