Maksai Asiyevimba

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Scolastica, mke wa Dionisi, mwaka juzi baada ya Pasaka, alipowaita wakubwa wa ukoo jikoni kwake na kufunga mlango. Wote waliomsikia waliikubali, isipokuwa mumewe.

Jioni ya tukio lenyewe mvua ilikuwa imekatika. Kristina, daktari wa mifugo, alifika Lipangalala, pembeni mwa Ifakara, kwa pikipiki na visu vyake vya kazi. Dionisi, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa amempigia simu: maksai wa kulimia amekufa, njoo umchunguze kabla majirani hawajaomba nyama. Kristina hakusita. Dionisi ndiye aliyemlea na kumsomesha tangu baba yao afariki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole na tope."

"Evod anaendeleaje?"

Evod alikuwa mtoto pekee wa Dionisi. Tangu mvua zianze miguu yake ilikuwa imepoa, na ubaridi ule ulikuwa ukipanda. Hospitali hawakuona kitu. Sasa hata kusema alikuwa ameacha.

"Vilevile," alijibu Dionisi, akitazama pembeni.

Maksai alikuwa nyuma ya nyumba, kando ya jaruba la mpunga. Mama yao alisimama hapo na tochi. Scolastica alijitenga mlangoni, pindo la khanga mdomoni.

"Nani atakuoa na gambuti hizo?" mama alitania.

"Apendaye nyama, mama."

Walicheka. Dionisi hakucheka.

Kristina alianza na kimeta, maana mzoga wa kimeta haupasuliwi. Aliangalia puani, mdomoni, chini ya mkia. Hapakuwa na damu.

"Amekufa lini?"

"Jana alfajiri."

Kristina alilibonyeza tumbo. Kwa joto la Ifakara, mzoga wa ng'ombe huvimba hata kabla ya adhuhuri. Huyu tumbo lilikuwa limelala. Hakuwa na harufu.

Hakuwa na hata nzi.

Alivaa glavu, akashika kisu. Hakuwahi kupasua mnyama wa mtu bila kuomba ruhusa. Alifanya hivyo kwenye maboma ya Wasukuma huko bondeni, alifanya hivyo kwa watu wa kwao, na wote nyumbani walijua.

"Kaka, nimpasue?"

"Omba vizuri," alinong'ona mama.

Kristina alitabasamu. "Haya. Naomba huyu maksai, nimpasue."

"Ni wako," alisema Dionisi. "Mchukue na vyake vyote."

Kisu kilipita kwapani, kikafuata mbavu. Kristina alifunua kifua... akaganda.

Damu ya mzoga hushuka. Hulala upande ulioelekea ardhini, na pale nyama huwa nyeusi. Lakini pafu la chini lilikuwa jeupe. La juu ndilo lililojaa damu.

"Nani amemgeuza?"

"Hatujamgusa," alisema Dionisi.

Kristina aliingiza mkono hadi kwenye ini. Lilikuwa la moto. Ndipo harufu ikamfikia. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa dawa ya kuchua... uji wa ulezi uliochacha... shuka lililolowa jasho.

Ndani ya maksai palinuka chumba cha mgonjwa.

Vyura jarubani walinyamaza, wote kwa pamoja. Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba, kavu, ya kitoto.

"Mama... nina njaa."

Scolastica alipiga yowe na kukimbilia ndani. Mama alizima tochi. Gizani Kristina alimsikia kaka yake akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Akavua glavu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa baridi.

Sababu yake Scolastica aliieleza siku ile jikoni kwake. Mganga wa ng'ambo ya mto aliuhamishia ugonjwa wa Evod kwa maksai, lakini mzoga hauna pa kuuweka. Alitakiwa mtu wa damu ya Dionisi, auombe mzoga kwa kinywa chake mwenyewe, kisha aupasue, ugonjwa umhamie.

"Dionisi mwenyewe angetosha," alisema Scolastica. "Mganga alimwambia hivyo. Hakutaka. Mama ndiye aliyemtaja Kristina."

Vipande vya mzoga Kristina alivyopeleka maabara havikuonyesha ugonjwa wowote. Kristina husema tumbo la ng'ombe hutunza joto muda mrefu, na kwamba huenda walimgeuza wakamdanganya. Kuhusu ile harufu hasemi kitu.

Alimpigia kaka yake mara moja tu.

"Kaka, ulijua?"



"Nilikusomesha, Kristina," alisema Dionisi, akakata simu.

Hadi haya yanapoandikwa, Evod yu hai. Anacheza mpira na wenzake. Scolastica yu hai, amerudi kwao Uchindile. Dionisi yu hai. Mama yao yu hai, na hajaenda kumwona binti yake.

Kristina yu hai. Ubaridi umepita kiwiko.